Barua ya wazi kwa wakuu wa Dar: msitutawanye, safisheni pale tunapokutana

Waheshimiwa viongozi wetu, shikamooni.

Barua hii naiandika kwa Waziri wa Afya, Waziri wa TAMISEMI, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam na wakurugenzi wa halmashauri zetu tano, Jiji la Dar es Salaam (iliyokuwa Ilala), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Mimi ni mkazi wa Manzese, sio daktari wala sio mtu wa mipango miji, ni mtu ambaye haya mambo yananigusa nikaanza kuyasoma, na nimeona bora niyaseme hadharani kuliko kuendelea kunung'unika kijiweni ambako nyie hamfiki. Naomba mnisome mpaka mwisho hata kama maneno ni mengi, maana mvua zikija tutaanza tena ile ile ya kila mara, mafuriko, matumbo ya kuhara, kipindupindu, afu tangazo.

Tangazo lenyewe huku mtaani watu wanalijua kwa moyo. Marufuku matunda yaliyokatwa, marufuku juisi, mama lishe fungeni, machinga ondokeni barabarani. Naelewa hofu iliyo nyuma yake, kipindupindu kinapita kwenye maji, kwenye chakula na kwenye mkono ambao haujanawa, hilo sibishi hata kidogo. Ila mnaanzia mwisho. Yule mama anayekaanga samaki pale njia panda sio yeye aliyepeleka kinyesi kwenye maji. Kinyesi kimefika kwenye maji kwa sababu nyumba ina vyumba sita, kila chumba na familia yake, choo ni kimoja cha shimo na kimejaa tangu mwaka jana, gari la kunyonya majitaka haliwezi kuingia uchochoroni na hata likiweza bei yake ni kodi ya chumba ya mwezi au zaidi, basi mvua kubwa ikinyesha usiku watu wanatoboa ukuta wa shimo na kutapisha choo, mzigo wote unatoka na maji ya mvua unaingia mferejini, unapita mlangoni kwa jirani, unaenda hadi kwenye bomba lililopasuka ambalo maji yake yanatoka kwa mgao. Presha ya bomba ikishuka, uchafu unanyonywa ndani. Asubuhi mtu anakinga ndoo. Huyo mama lishe naye anakinga ndoo hiyo hiyo, hana nyingine, na hakuna bomba jingine la karibu.

Kwa hiyo mkimfungia biashara mmemnyima hela ya kununulia dawa ya maji na mkaa wa kuchemshia, na choo bado kinatapika.

Ninachotaka kuwaambia kwenye barua hii ni kimoja tu. Kule kubanana kwetu na kujuana kwetu ndiko kunakotuambukiza, na ndiko huko huko kunakotupa riziki na akili mpya. Huwezi kukata kimoja ukabakiwa na kingine. Ugonjwa ukija msianze kwa kututawanya, anzeni na maji, choo na mtaro pale tunapokutana, afu tumieni watu tunaowaamini kupitisha habari.

Nieleze kwa nini nasema hivyo.

Sensa ya 2022 ilituhesabu Dar watu 5,383,728, mwaka 2012 tulikuwa 4,364,541, yani ndani ya miaka kumi wameongezeka watu milioni moja na ushee. Hawa hawajafuata bahari. Wamekuja kwa sababu hapa ukishuka stendi una shemeji yako anamjua fundi, fundi anamjua mwenye fremu Kariakoo, mwenye fremu anatafuta kijana wa kupanga mzigo, kesho asubuhi una kibarua. Mchongo hautangazwi gazetini, unapita mdomoni. Kuna msomi wa Marekani anaitwa Mark Granovetter, mwaka 1973 aliandika kitu ambacho mtoto yeyote wa mjini anakijua japo hajawahi kukiandika, aliwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu wanayefahamiana naye, na chini ya mmoja kati ya watano ndo walisema ni mtu wanayeonana naye mara kwa mara. Wengi walisaidiwa na watu wa kukutana nao mara moja moja. Sababu inaeleweka, ndugu yako wa ndani anajua yale yale unayoyajua wewe, ila yule wa kusalimiana naye kwenye daladala anatoka kwenye kundi lingine na habari nyingine. Naomba mshike hapo hapo, maana huyo huyo wa kusalimiana naye kwenye daladala ndo anatoka na kirusi cha mtaa mwingine.

Mwaka 2007 watafiti kina Luis Bettencourt na Geoffrey West walipiga hesabu za miji ya Marekani, Ujerumani na China, wakakuta mji ukiwa na watu mara mbili, kipato na uvumbuzi vinapanda zaidi ya mara mbili, yani kila mtu anapata nyongeza kwa sababu tu amekaa palipo na watu wengi. Afu kwenye hesabu hizo hizo wagonjwa wapya wa UKIMWI na uhalifu navyo vinapanda kwa mtindo ule ule. Mimi niliposoma hilo nilikaa kimya kidogo, kwa sababu ndo Manzese yetu hiyo.

Angalieni vitu vilivyotoka kwenye msongamano wetu. Mafundi wa samani Keko, mmoja akitoa dizaini mpya ya kitanda, haipiti muda wenzake pembeni wanayo na wameiongezea kitu, hakuna aliyemfundisha mwenzake darasani, wamekaa tu jirani wanaonana. Mafundi simu wa Kariakoo wanafungua simu ambayo haina hata kitabu cha maelezo kwa sababu kuna mwenzao meza ya tatu aliyewahi kuifungua. Singeli, muziki wetu wa kasi, imetoka Manzese na Tandale, kwenye sherehe za vigodoro na kwa maprodyuza wenye kompyuta moja chumbani, ikapita kwenye memori kadi na bluetooth, ikapanda daladala, leo inapigwa mpaka Ulaya. Na 2020 ilipokuja korona, zile stendi za kunawia mikono za kukanyaga kwa mguu mafundi wa kuchomelea walianza kuzitoa haraka sana, mmoja kaona kwa mwenzake kwenye wasap, mwingine kaona mlangoni kwa duka, mara mji mzima unazo. Huo ni uvumbuzi wa kuzuia ugonjwa na umesambaa kwa njia ile ile ambayo ugonjwa unasambaa.

Na ugonjwa nao una njia zake, hauruki hewani bila mpango. Mwaka 1869 kipindupindu kilipoingia Zanzibar, daktari James Christie aliyekuwa anafanya kazi pale aliwauliza wafanyabiashara wa misafara walipita wapi na waliona nini, akaonyesha kwamba ugonjwa umefuata barabara za biashara kupitia Umasaini mpaka Pangani, afu ukavuka maji. Kinshasa, Kongo, hivyo hivyo. Watafiti waliochapisha kazi yao 2014 walifuatilia vinasaba vya kirusi cha UKIMWI wakarudi nyuma mpaka Kinshasa kama mwaka 1920, mji uliokuwa unakua haraka, wanaume wengi wa kazi, na reli iliyokuwa inabeba abiria zaidi ya milioni moja kwa mwaka kufikia mwisho wa miaka ya 1940. Kirusi kilipanda treni na vyombo vya mtoni kikaenda Lubumbashi na Kisangani. Kwetu wagonjwa wa kwanza waliripotiwa Kagera mwaka 1983, mpakani, kwenye biashara ya kuvuka kwenda na kurudi Uganda, na watu wa kule wakaupa ugonjwa jina la Juliana, la mashati yaliyokuwa yanaletwa kwa biashara hiyo hiyo. Kufika 1986 kila mkoa wa bara ulikuwa umeripoti mgonjwa. Miaka mitatu tu, na simu za mkononi hazikuwepo.

Afu hii ya juzi juzi mnayoikumbuka wenyewe. Agosti 2015 kipindupindu kilianza hapa hapa Dar, kwenye wilaya ya Kinondoni, kikapanda mabasi ya mikoani na hakikuwa cha Dar tena, kikafika karibu mikoa yote ya bara, na mpaka mwanzo wa 2018 wagonjwa walikuwa wamepita elfu 30 na waliokufa ni zaidi ya 500. Kwa ugonjwa ambao mtu akiwahi kupewa maji yenye chumvi na sukari au dripu, karibu wote wanapona. Watu zaidi ya 500. Nikisema stendi na masoko ya Dar ni afya ya nchi nzima sijisifii ujiji, choo kichafu cha stendi hapa ni kaburi la mtu Kigoma au Mara.

Sasa kuna wanaosema basi dawa ni kututenganisha. Hii sio mpya na naomba mjue imeanzia wapi. Mwaka 1914 Wajerumani waliugawa mji huu kanda tatu kwa sheria za ujenzi, ya Wazungu, ya biashara waliyokaa Wahindi, na ya Waafrika, na Waingereza wakaja kuendeleza, wakaacha uwazi mkubwa pale Mnazi Mmoja katikati ya Uhindini na Kariakoo. Sababu iliyotajwa ilikuwa afya. Maji na mitaro mizuri vikabaki upande mmoja, upande mwingine tukabakiwa na marufuku. Miaka mia moja na zaidi imepita na bado ukitazama bomba la majitaka limefika wapi na halijafika wapi, mipaka ile unaiona.

Na tulipojaribu kuhamisha watu wenyewe, tuliona. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 Dar, serikali ikawahamisha watu wa Jangwani na mabondeni kuwapeleka Mabwepande, wakapewa viwanja na mahema, nia ilikuwa njema kabisa na mimi sitaki kuidharau, maana bondeni kweli panaua. Ila wengi walirudi. Walirudi kwa sababu Mabwepande hakukuwa na mteja wa vitumbua wala kijumbe wa mchezo wao wa kuchangiana hela, na hakukuwa na yule jirani anayekukopesha unga mpaka Ijumaa, wala nauli ya kwenda Kariakoo kila alfajiri. Mlihamisha miili, koneksheni zikabaki Jangwani, watu wakazifuata. Machinga Complex pale Ilala ni habari hiyo hiyo, jengo zuri la ghorofa, na vizimba vingi vilikaa vitupu miaka kwa miaka kwa sababu mteja haachi njia yake ya kutoka kituoni kwenda kupanda ngazi kutafuta soksi. Oktoba 2021 tukaondoshwa tena barabarani. Sisemi barabara zizibwe, hata mimi mama yangu anapita pale na fimbo yake, nasema kila mkitupanga upya ulizeni kwanza tunakutana wapi na kwa nini hapo.

Nisogee kwa waliofanikiwa. London mwaka 1854, mtaa wa Soho, kipindupindu kiliua watu 616 kwenye eneo dogo sana. Daktari John Snow alichora ramani ya vifo akaona vinazunguka pampu moja ya maji ya Broad Street, akawaomba viongozi wa mtaa wakaondoa mpini wa pampu. Hiyo wengi mmeisoma. Ambacho hakisemwi sana ni kwamba kulikuwa na padri msaidizi wa pale, Henry Whitehead, kijana ambaye alikuwa haamini kabisa maneno ya Snow, lakini alikuwa anaijua mitaa ile nyumba kwa nyumba, nani amehama, nani ana mtoto mgonjwa, nani anatuma maji kwa shangazi. Ni yeye aliyezunguka akauliza, akampata yule mtoto mchanga wa nyumba namba 40 aliyeugua kabla ya wote, nepi zake zilifuliwa na maji yakamwagwa kwenye shimo lililokuwa linavuja, karibu kabisa na kisima cha pampu. Ramani bila mtu anayejulikana mlangoni ingebaki nusu. Huyo Whitehead ni mjumbe wetu wa mtaa, ni mama mwenyekiti wa vikoba. Tunao wengi.

Na London hawakuutawanya mji. Mwaka 1858 mto Thames ulinuka mpaka Bunge likashindwa kukaa vizuri, ndo hela ikapatikana, na injinia Joseph Bazalgette akajenga mabomba makubwa ya majitaka chini ya mji wote. Kipindupindu kikubwa cha mwisho kilipiga 1866, na kilipiga mashariki ya mji, kwa maskini, pale ambapo mabomba mapya yalikuwa bado hayajaunganishwa. Mji ukaendelea kukua baada ya hapo mara nyingi zaidi. Waheshimiwa, ni bomba, sio katazo.

Mtasema hatuna hela ya kuchimba Dar nzima, na ni kweli. Lakini Vingunguti wakazi wenyewe pamoja na shirika la CCI (Centre for Community Initiatives) wamejenga mfumo rahisi wa majitaka, mabomba membamba, yasiyozikwa chini sana, yanapita uani kati ya nyumba na nyumba mpaka kwenye mabwawa, na nyumba zilizounganishwa hazisubiri mvua zitapishe. Iko hapa, haijatoka Ulaya, watu wa Vingunguti wanaweza kuwafundisha watu wa Tandale kesho kutwa. Kuna pia vikundi vya vijana wenye pampu ndogo za mkono zinazoingia uchochoroni kunyonya mashimo, hawa wapeni mtaji na sehemu ya karibu ya kumwaga, kwa sababu ikibidi wasukume pipa la kinyesi kilomita nyingi watamwaga mtaroni, hata mimi nisingelaumu. Fidieni bei ya kunyonya choo mwezi mmoja kabla ya mvua kwenye mitaa ya mabondeni. Wekeni kwenye mizani hiyo hela na ile ya kambi za wagonjwa.

Halafu suala la habari, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu ndo linaniuma zaidi.

Uganda walishusha maambukizi ya UKIMWI miaka ya tisini kabla dawa hazijafika kwa wingi. Watafiti Stoneburner na Low-Beer walichapisha 2004 kwamba kitu kilichowatofautisha Waganda na nchi nyingine za jirani ni kuwa waliusikia ugonjwa huu kwa ndugu na marafiki zao, uso kwa uso, wanamjua mtu aliyeugua au aliyekufa, walizungumza msibani, sokoni, kanisani, kuliko kuusikia redioni tu au kwa mabango. Serikali yao ilisema wazi, afu mdomo wa mtu kwa mtu ukafanya kazi. Hata sisi hapa WAMATA, shirika la kupambana na UKIMWI, ilianza 1989 na watu wa kawaida waliokuwa wanatembeleana majumbani na wagonjwa. Koneksheni ile ile iliyoleta ugonjwa ikabeba dawa yake.

Sasa linganisheni na 2020. Takwimu za korona zilisimama mwisho wa Aprili zikiwa 509, na zaidi ya mwaka ukapita bila namba rasmi. Wakati huo mtaani hapakuwa kimya, watu hawawezi kukaa kimya na misiba wanaiona. Sauti za wasap zilikuwa zinapita usiku kucha, mara kunywa hiki, mara jifukize na kile, mara chanjo itakufanya hivi, kila mtu anatuma kwa magrupu yake matano, na aliyekuwa na ukweli hana sauti kwa sababu hana takwimu rasmi za kuutetea. Huwezi kuzima koneksheni kwa kunyamaza, ukinyamaza unamwachia uwanja mwongo mwenye bando. Siandiki hili kumfufulia mtu ugomvi. Naliandika kwa sababu ugonjwa mwingine utakuja na nataka safari hiyo tusikie kwenu kwanza.

Na mkitaka mnaweza, tumeona. Machi 2023 homa ya Marburg ilipotokea Bukoba mlitangaza wazi, mkawafuatilia watu zaidi ya 200 waliokutana na wagonjwa, mmoja mmoja, nani alimuuguza nani, nani alimzika nani, na kufika Juni 2 ikatangazwa imekwisha. Wagonjwa walikuwa tisa, waliokufa sita. Ile kazi ilikuwa ya kufuata koneksheni za watu kwa heshima, na waliofanya wanastahili shukrani ya taifa. Swali langu ni kwa nini kipindupindu cha uswazi hakipati akili ile ile, kinapata mgambo.

Hata simu zetu zinaweza kusaidia. Kule Zanzibar, watafiti wa malaria walichukua data za laini zaidi ya laki saba za mwishoni mwa 2008, bila majina, wakaangalia safari za kwenda bara, wakakuta nyingi ni za kuja Dar kwa siku chache tu, na wakaweza kusema hatari iko wapi na haiko wapi badala ya kumshuku kila abiria wa boti. Kenya nao walifanya hivyo kwa laini karibu milioni 15 za 2008 na 2009, wakaona malaria inasafiri kutoka kanda ya ziwa kwenda Nairobi na watu wanaotoka kusalimia kwao. Mnaweza kujua kipindupindu cha Buguruni kitashukia stendi gani kabla hakijashuka. Ila kwa masharti, majina yasiwemo, na data ya afya isije ikageuzwa kumtafutia mtu kosa jingine, kwa sababu siku watu wakihisi hivyo mara moja tu watazima simu na mtabaki gizani.

Na ramani zipo. Tandale ilichorwa 2011, na kuanzia 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka na wakazi kwenye mradi wa Ramani Huria wakachora mitaro, nyumba, njia na maeneo yanayofurika kata kwa kata, wengine na droni juu. Wazee wa mtaa ndo waliokuwa wanawaonyesha maji yanafika wapi ukutani. Nauliza kwa nia njema, bwana afya wa kata anazo hizo ramani kwenye simu yake? Maana sijamwona nazo.

Kwa hiyo mkikaa kwenye vikao vyenu vya maandalizi ya mvua naomba haya yawe mezani. Choo cha stendi na cha soko kiwe bure au kiwe na maji, ikiwezekana vyote, kwa sababu mtu wa kushinda na buku mbili mfukoni hatalipa mia tatu mara tatu kwa siku, ataenda nyuma ya kibanda. Kila sehemu wanapokaa mama lishe kumi na zaidi pawe na bomba la maji yaliyotiwa dawa, na hao akina mama wapimwe, wafundishwe na wapewe kadi, afu mlango wa kufungiwa uwe kwa anayekataa, sio kwa wote. Namba za wagonjwa zitoke kila wiki kwa kata, sio kwa mkoa, maana mtu wa Manzese akisikia Dar ina wagonjwa 40 anadhani ni mbali, akisikia mtaa wa pili wapo wanne anachemsha maji usiku huo huo. Na zipelekwe kwa watu wenye watu, viongozi wa bodaboda, makonda, vijumbe, wauza kahawa, mawakala wa miamala ambao kila mtu lazima apite kwao, maustadhi, wachungaji, maadmini wa magrupu ya mtaa. Waulizeni wauza kahawa watu wanasema nini wiki hii, mtapata uvumi ukiwa bado mdogo.

Mwendokasi nao, sitalisema sana kwa sababu wengi wamelisema, ila mnapoongeza mabasi mjue mnaongeza pia hewa, watu wamebanwa uso kwa uso kutoka Kimara mpaka Kivukoni madirisha yamefungwa, kifua kikuu kinapenda sana mahali kama hapo.

Vuli inaanza Oktoba. Tunaomba kabla ya hapo wakurugenzi watume mabwana afya na wahandisi wa maji waje wakae na serikali za mitaa ya Manzese, Tandale, Kigogo, Buguruni na Vingunguti, siku ya Jumapili ambayo watu wengi wapo nyumbani, wasije na tangazo lililoandikwa tayari. Waje na zile ramani za Ramani Huria. Wajumbe wetu wanajua chemba gani inafurika, bomba gani limepasuka na nani anatapisha choo na kwa nini, watawaonyesha moja moja.